Mwandishi wa Barua za Posa

Pale Mpendae, mwanamme akitaka mke, kwanza humtafuta Wanu. Si wa kumuoa, Mungu apishie mbali. Wa kumwandikia barua ya posa. Hati yake nzuri, Kiswahili chake kimenyooka, na kwa miaka kumi na tano amesema kwa kalamu kama baba, ami na kaka wa watu, yeye ambaye kwenye kikao cha posa hajawahi kukaribishwa ila kupitisha halua na kahawa.

Anajua wanaume wanachopenda kusoma. Kila binti humwandika mpole, mwenye haya, sauti yake haivuki ua. Yule wa Mtoni aliyekuwa akigombana na wauza samaki mpaka wakapunguza bei, Wanu alimfanya bubu kwa mistari miwili. Na jawabu analowaandikia wazee wa mke ni lile lile: tumemuuliza, amenyamaza, basi ameridhia.

Juzi ikaja barua kwa kaka yake, Nadir. Gharib, mchukuzi wa bandarini Malindi, mwenye wake wawili tayari, anamposa Wanu. Wanu alipoisoma aliona aibu ya kweli: maneno ni yake mwenyewe, Gharib kayanakili kutoka posa ya mpwawe. Eti binti mpole, sauti haivuki ua. Binti ana miaka thelathini na sita.

Nadir akamwita ukumbini.

"Wanu!"

"Naam, kaka."

"Gharib keshaleta posa. Wasemaje?"

Wanu alifungua kinywa. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, na Nadir keshatabasamu.

"Alhamdulillahi, kanyamaza. Haya, mdogo wangu, tuandikie jawabu. Mie hati yangu unaijua."

Ikawa aliyehesabiwa hana la kusema ndiye anayeombwa maneno. Wanu akachukua karatasi, na hasira zikamtuliza mkono. Akaandika salamu ndefu, dua, na shukurani kwa heshima waliyopewa. Kisha: tumemuuliza, naye amesema hataki.

Nadir alisoma akitikisa kichwa kwa raha, mpaka alipofika hapo.

"Lakini hukusema kitu!"

"Nnasema sasa. Sitaki, kaka."

Nadir akageuka kutazama mlango, asije jirani akawa kasikia. Kisha akauliza, taratibu, kama haiwezekani kuandikwa tu kwamba kanyamaza, wenyewe watafahamu.

"Watafahamu nimekubali," Wanu akasema, akampa kalamu atie saini.