Masharubu ya Yuda

Mama Verdiane hakukosa usafi wa kanisa la Karuba, hata Jumamosi zisizo za zamu yake. Akimaliza kufagia, aliketi benchi la mbele akaiangalia Karamu ya Mwisho iliyochorwa ukutani. Aliiangalia polepole: kwanza mkate, kisha miguu chini ya meza, kisha mikono, mmoja mmoja, mpaka ule uliobana mfuko wa fedha. Hapo ndipo alipoinua macho kwa Yuda, na roho yake ikaburudika.

Yuda alikuwa Floribert mtupu. Paji lile lile, masharubu mazito yale yale. Floribert, shemeji yake, ambaye matanga ya kaka yake hayajaisha alikuwa ameshapanda maharagwe kwenye shamba la mjane. Eti mwanamke hana shamba! Loo! Shamba alilolilima yeye miaka kumi na minane!

Mchoraji, Plamedi wa Walikale, alipokuwa akiichora alilishwa na Wakristo kwa zamu, nyumba kwa nyumba, ndiyo desturi. Siku ya Verdiane alilalamika kwamba Yuda wake hajapata sura. Verdiane akamwongezea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

"Sura iko," alisema. "Kesho fika sokoni. Utaona muntu wa masharubu anauzisha maharagwe yangu."

Tangu picha ilipokamilika watoto walimwita Floribert Yuda. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Alivumilia mwaka mzima, kisha akanyoa masharubu, akapita mlangoni kwa Verdiane akicheka.

"Mama Verdiane, Yuda wako iko wapi sasa? Shamba usahau."

Jumamosi ile Verdiane alikaa benchini mpaka wenzake wakaondoka. Aliuangalia mdomo wa Yuda, akauangalia tena. Kisha akakoroga udongo wa rangi ya shavu lile, akapanda juu ya benchi, na kwa kidole kimoja akayafunika masharubu taratibu, bila haraka yoyote.

Jumapili, wimbo wa kuingia haujaisha, vichwa vilikuwa vinageuka: ukutani, kwa Floribert, ukutani tena. Upande wa wanawake kicheko kikapasuka.

Baada ya misa Floribert alimngoja nje, jasho likimtoka pale masharubu yalipokuwa.

"Mama Verdiane, nakuomba. Futa ile sura, shamba ntakurudishia."

"Rudisha kwanza, mbele ya katekista na watu wote," alisema Verdiane. "Ao enda ukate na pua yako."