Mama wa Upande wa Kushoto

Kwenye ukuta wa duka langu hapa Zombe, juu ya cherehani, kuna picha ya maharagwe. Yameanikwa kwenye turubai uani kwa mtu, huko milima ya Mbooni karibu na Kikima, na nyuma yake bonde lote limezama kwenye ukungu. Wateja wanaokuja kupimwa nguo huisifu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kile kivuli ni cha nani.

Kivuli chenyewe kinaingia kutoka upande wa kushoto na kulala juu ya maharagwe: mkono, na mwisho wa mkono duara la ungo. Mwenye mkono hayupo. Nilimwondoa mimi. Asubuhi jua likiingia mlangoni na kugonga kioo cha fremu, ule mkono huonekana kama unapepeta. Najua ni mwanga tu. Mambo ya mwanga nimeyasoma kuliko watu wengi wa soko hili. Hata hivyo naacha kushona mpaka jua lipite.

Mimi ni mwanamke, fundi wa nguo. Nashona sare za shule na za kwaya, na tangu ninunue simu yenye kamera ya maana, napiga picha. Siziuzi. Napiga punda wakisubiri maji, napiga mvua ikitoka upande wa Endau na kutupita, napiga mikono ya wateja wakihesabu vifungo. Miaka michache iliyopita niliingizwa kwenye grupu la simu la watu wenye ugonjwa kama wangu wa picha, watu kama ishirini kutoka Kitui na Makueni. Kila Jumapili baada ya kanisa mmoja wetu aliweka picha yake, na sisi wengine tukaikosoa mpaka saa kumi. Mahali hapo tulipaita kikaangoni, na aliyeingia alijua ataiva.

Kikaango kilikuwa na sheria, na mbili kati ya hizo nilizitunga mimi. Ya kwanza, mwenye picha hajitetei. Anaweza kuuliza swali, lakini haelezi lolote mpaka watu wamalize, kwa sababu picha inayohitaji maelezo bado haijawa picha. Ya pili, akishakosolewa anarekebisha, anaweka ile mpya, na ya zamani inafutwa kwa kila mtu. Niliwaambia picha mbovu ikikaa kwa simu yako itakufundisha ubovu. Walikubali bila kelele. Walikuwa wananiogopa kidogo, na kusema kweli nilifurahia.

Kupaka maneno sukari sikuwezi. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibwezi, mkulima wa tikiti maji, ambaye aliandika "Picha nzuri, Mungu akubariki" hata pale mtu alipopiga kidole chake mwenyewe. Mimi nilichukua picha ya mtu, nikaichora juu kwa kidole kwa rangi nyekundu: mstari mahali pa kukata, X kwenye kitu cha kuondoa, halafu nikamrudishia. Ni kama ninavyotia kitambaa chaki. Tofauti ni kwamba kitambaa hukipima mara mbili kabla sijagusa mkasi.

Mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kikima. Mtu mpole, wa umri wangu, anayeandika ujumbe wenye nukta na mkato kana kwamba nitausahihisha. Jumapili yake ilipofika aliweka picha ya maharagwe. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umelala chini vizuri, ukungu ulikuwa mahali pake, na maharagwe yalikuwa yanang'aa. Lakini kushoto kabisa, karibu kutoka nje ya picha, alisimama mama mzee mwenye ungo, kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa, uso umegeukia kamera.

Niliuona ule uso kwa muda gani? Labda kwa muda wa kumeza mate. Nikaandika: "Mwalimu, hapa una picha mbili zinagombana. Huyo mama anavuta jicho bure. Kata."

Mama wa Kibwezi akajibu, "Aki mimi naona huyo mama ako na uso mzuri. Mwache tu."

"Hapa tunakosoa picha," nikamwandikia, "hatutafuti wachumba." Watu wakacheka na vile vikatuni vya simu, karibu skrini nzima.

Mwalimu alikaa kimya, kama sheria inavyosema. Mwishoni aliuliza swali moja tu: "Fundi, nimkate kabisa?"

"Kabisa," nikasema, na nikamtumia picha yenye mstari mwekundu na X kubwa juu ya yule mama, ili asibaki na shaka.

Kufikia saa kumi na moja alikuwa ameweka picha mpya, bila mama. Ya zamani ikafutwa. Wote tukasema sasa hiyo ndiyo picha. Nilijivunia mno hata nikaenda nayo Kitui mjini, nikaichapisha kubwa, nikaiwekea fremu. Wateja niliwaambia imepigwa na mwanafunzi wangu. Kivuli nilidhani ni cha mti.

Wiki chache baadaye tulikutana mjini Wote, sisi watu wa grupu, kunywa chai na kuonana nyuso. Mwalimu alikuja na mfuko wa maharagwe, kama kilo mbili, akanipa mbele ya watu. "Ni ya mwaitu," akasema, yaani mama yake. "Amesema nikuletee." Nikajua ni shukrani ya mafunzo. Nikapokea kwa mikono miwili kama mtu anayestahili.

Alinipigia mwaka uliofuata, Jumatatu asubuhi, nikiwa nakata sketi za shule. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuandika.

"Fundi," akasema, "mwaitu ametuacha. Jumamosi. Aliugua siku nne tu."

Nilimpa pole. Nilimuuliza mazishi ni lini, akasema Ijumaa. Nikasikia kuku nyuma yake, na watu wakisogeza viti.

"Ile picha ya maharagwe," akasema. "Ile ya kwanza. Unayo?"

"Ile yenye yule mama?"

"Ee. Ile yenye mwaitu."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nakumbuka niliuweka chini polepole sana, kana kwamba ungemwamsha mtu.

Alinieleza bila haraka. Mama yake hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Kwenye arusi alijifunika kwa leso, kwenye sherehe za kanisa alikaa nyuma ya watu warefu. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefifia mpaka huwezi kujua ni mwanamke au mwanaume. Picha pekee ambayo alikubali, akasimama, akaangalia, ilikuwa ile. Naye Mwalimu aliikata kwenye simu yake na kuihifadhi juu ya ile ile, kwa hiyo hakuwa nayo tena. Programu ya mazishi ilikuwa inaenda kuchapishwa Jumatano.

"Nimeuliza wengine wote," akasema. "Walifuta. Si ulitufunza tufute." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo liliniumiza.

Nikamwambia sina. Nilidhani ni kweli. Baada ya kukata simu niliinua macho ukutani, na hapo ndipo kile kivuli kilipokuwa mkono. Nilikuwa nimeishi na mkono wa mama wa watu juu ya kichwa changu karibu mwaka mzima, nikishona.

Mchana ule sikushona chochote. Nilikaa na simu, nikapekua kila mahali, na nikakumbuka kitu. Mimi, mwenye kuwaambia watu wafute, nilikuwa sifuti. Nilikuwa na albamu yangu ya siri niliyoiita Makosa, ambamo niliweka zile picha nilizozichora, ili nikipata mwanagrupu mpya nimwonyeshe mambo ya kuepuka. Nikaifungua. Alikuwemo, kati ya kidole cha mtu na ng'ombe asiye na kichwa. Kitambaa cha machungwa, ungo, uso mzima umenigeukia. Na juu yake X yangu, nene, nyekundu. Mkono mmoja wa X ulianzia kwenye paji la uso, ukapita juu ya jicho la kushoto, ukaishia kwenye taya.

Ningemtumia hapo hapo, ingekuwa habari nyingine. Nilikaa nayo siku nzima na nusu. Nilijaribu kufuta ile rangi mwenyewe kwa kila njia ninayoijua, na kila nilipojaribu, uso ulizidi kuwa wa mtu mwingine. Niliona aibu. Sikutaka Mwalimu, akiwa kwenye kilio, aone mama yake amepigwa X kama jibu lililokosewa, na mkono uliopiga ni wangu. Niliwaza hata kunyamaza. Nilishasema sina, na hakuna ambaye angejua. Nilijiambia hivyo mara kadhaa, mbele ya picha ya ukutani, na kila mara nilijikuta nimeipa mgongo.

Jumanne jioni nilituma. Niliandika, "Nisamehe Mwalimu. Ndiyo hii peke yake." Alama mbili za buluu zikatokea mara moja. Mwishowe akajibu: "Ni yeye. Asante, Fundi." Na nukta mwishoni.

Ijumaa nilibadilisha magari mara tatu kufika Kikima. Ule ua niliujua kabla sijaonyeshwa: turubai lilelile lilikuwa limefungwa kwenye miti kuwakinga watu jua. Kwaya ya akina mama ilikuwa inaimba. Nilipewa programu mlangoni, na pale mbele, kando ya jeneza, palikuwa na picha yake kubwa kwenye fremu yenye maua.

Kijana wa saiba, kule kwenye kompyuta walikochapisha programu, alikuwa amefanya kazi yake vizuri. X haikuonekana popote. Kushoto, kulia, ngozi ilikuwa laini, na macho yote mawili yalikuwa wazi, yanaangalia mbele sawasawa. Sawasawa kabisa. Nikasogea, kwa sababu siwezi kuacha kuangalia picha hata kwenye mazishi, nikaona alivyofanya. Jicho la kushoto lilikuwa lile la kulia, limegeuzwa.

Nilikuwa bado nimesimama hapo mama mmoja mzee alipokuja kwa mkongojo wake. Ndugu zake Mwalimu walimwita mama mdogo, kwa hiyo nikajua ni dada ya marehemu. Aliinama akaiangalia ile picha kwa karibu, akagusa kioo.

"Ni yeye," akasema. "Lakini hili jicho si lake. Dada yangu alizaliwa na jicho moja limelala. Hili nani amempa?"

Mwanamke aliyemshika mkono akamwambia kwa upole kwamba wamemrekebisha, mama, si anapendeza? Mzee akatikisa kichwa. "Sasa huko anakoenda," akasema, "watamjuaje?"

Sikujua niweke uso wangu wapi. Nilirudi nyuma, nikasimama karibu na jiko la nje ambako akina mama walikuwa wanapakua chakula, na huko ndiko Mwalimu alinikuta baada ya kuzika, udongo ukiwa bado kwenye viatu vyake.

Nilianza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Unajua kwa nini sikuwaambia ni mwaitu?" akasema.

"Sheria."

"Sheria ndiyo. Lakini hata nilikuwa nataka nione kama mtamwona mzuri bila kuambiwa." Akatazama pale uani, mahali ambapo maharagwe yalikuwa yameanikwa. "Aliogopa picha kwa sababu ya hilo jicho. Nilimbembeleza mwaka mzima. Siku hiyo akaniambia haya, wacha hao watu wako wanione. Akaenda akavaa kitambaa chake cha kanisa."

Nikafuata macho yake mpaka pale uani.

"Jioni akaniuliza, hao watu wamesema nini juu ya jicho langu? Sasa ningemwambia nini, Fundi? Nikamwambia kuna fundi wa Zombe, mkali, huyo hukosoa kila mtu, na amesema kwako hakuna kitu cha kuondoa." Akacheka kidogo, na macho yakamjaa machozi. "Alifurahi, wewe! Akasema huyo mama anajua kuona. Kesho yake alikaa hapo chini akachagua yale maharagwe moja moja, akaniambia nikuletee."

Niliyakumbuka yale maharagwe. Niliyapika siku ya pili baada ya kutoka Wote, nikayala na chapati, na jioni nikamwandikia Mwalimu ujumbe, kwa sababu mimi ni mtu wa kutoa maoni: "Mwambie mama asante, lakini maharagwe yake yanachelewa kuiva."

Sijawahi kumuuliza kama alimfikishia.