Mfagiaji Hufa Ukurasa wa Ishirini

Ni saa ya chai. Katika chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza, watu sita wamekaa kimya na vikombe mkononi. Mwanamke wa makamo, miwani imemshukia puani, anawasomea kwa sauti kitabu kisicho na jalada. Kurasa zake za mwanzo zimeshonwa upya kwa uzi mweusi.

"'Akavua glovu moja,'" anasoma, "'akajikuna jicho.'"

"Toba!" anaropoka mlinzi wa lango, ambaye wala hapaswi kuwa hapa saa hizi. "Kwisha habari yake!"

"Mlinzi, hebu nyamaza bwana. Mwache mama asome."

"Asome nini tena? Huyo si mfagiaji? Basi kesho haamki."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Msomaji anafunua ukurasa unaofuata, anauchungulia, anashusha pumzi. Mlinzi amepatia. Mfagiaji wa kitabuni amekufa kabla daktari mwenyewe hajaingia kwenye hadithi, na hata jina hakupewa.

Hospitali nzima humwita msomaji huyu Mama Janga. Anafanya usafi katika wodi hii mwaka wa kumi na nne sasa, na tangu ujana wake ana ugonjwa wa vitabu vya aina moja tu: vile vya maradhi ya kutisha yanayolipuka hospitalini. Muuguzi anaanguka ukumbini, milango inafungwa kwa minyororo, na daktari mmoja aliyeachwa na mkewe, ambaye hajalala siku tatu, ndiye peke yake anayejua kinachoendelea. Vya mapenzi hataki hata kuviona. Vya kuuana kwa bastola anasema ni vya kupotezea muda.

"Bastola unaiona, unaikimbia," anasema. "Hiki kidudu hukioni. Na kiko kwenye kitasa cha mlango ulichoshika wewe sasa hivi ukiingia humu."

Mwandishi wa habari hizi akautazama mkono wake. Wenzake Mama Janga wakacheka tena.

Mtu angedhani anayeshinda na wagonjwa kutwa akitoka kazini atataka kusoma habari za harusi. Hapa ni kinyume. Kitabu cha mlipuko kikiingia hospitalini hakitoki mpaka kimepita jikoni, maabara, na kwa madereva wa magari ya wagonjwa. Sharti ni moja: aliyetangulia kusoma asiseme nani anapona. Mlinzi wa lango alilivunja mara moja akafungiwa vioo wiki nzima, hata salamu hakupewa.

"Mimi napenda pale dawa inapopatikana," anasema muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi. "Ikipatikana tu, sura inayofuata watu wote wameshachomwa sindano. Hakuna kusubiri gari, hakuna kuambiwa rudi kesho. Nikifika hapo nalala usingizi mzuri sana."

Mlinzi ana sababu zake. "Mimi nataka kuona wakubwa wakitoka nduki. Mkurugenzi, waziri, wote mguu niponye. Siku nyingine zote si tunakimbia sisi?"

Na Mama Janga? Yeye anaweka kikombe chini kwanza. "Kitabuni ugonjwa una mwanzo," anasema. "Mtu anakaa chini anauliza, huu umetoka wapi? Anaufuata nyayo kwa nyayo mpaka anaukuta. Huku kwetu mgonjwa analetwa, anatibiwa, anapona au anatutoka, mimi napiga deki. Nani aje anieleze mimi umetoka wapi?"

Hiyo haimzuii kuwacheka waandishi mpaka machozi. Anasema hajawahi kukuta kitabu ambacho glovu zimekwisha au umeme umekatika wakati wa maana. "Na madaktari wao wanakimbia tu kutwa! Mimi daktari nimemwona akikimbia mara mbili tangu niajiriwe. Mara moja ilikuwa mvua."

Jambo moja tu linamkera kwa dhati, na akilizungumzia hacheki. Katika vitabu hivyo mfagiaji ndiye wa kwanza kufa, tena kwa uzembe. Ukurasa wa ishirini ukimpita mzima, ni bahati. Kila akishika kitabu kipya anamtafuta mfagiaji atakayefika mwisho akiwa hai. Mpaka leo hajampata.

Lingekuwa la mzaha tu, kama isingekuwa mjukuu.

Mama Janga ana binti mmoja, na binti huyo ana mtoto wa kiume wa miezi minane. Wanaishi mtaa wa pili tu. Bibi hajawahi kumbeba mjukuu wake hata siku moja.

"Namjua kwa picha za simu," anasema, "kama watu wanavyomjua mgombea."

Binti ni fundi cherehani. Kibanda chake kina mashine mbili na meza ndefu ya kukatia, na chini ya meza hiyo, ndani ya kapu kubwa lililotandikwa vipande vya vitambaa, mtoto amelala fofofo. Mama mtu anatoa pini mdomoni kabla ya kusema.

"Najua watu wananiona nina roho mbaya," anaanza. "Mama nampenda. Hakuna siku inayopita sijampigia simu. Lakini nisikilize na mimi. Wenzangu walikuwa wakilazwa kwa hadithi za sungura na fisi. Mimi nililazwa kwa hadithi za homa ya kutoka damu puani."

Anainama kumfunika mtoto, kisha anaendelea kwa sauti ya chini.

"Kila kitabu alichonisimulia, mfagiaji ndiye anayebeba ugonjwa. Anarudi nyumbani hajijui, anamnyanyua mtoto wake, anambusu. Kidogo tu, mtoto anakohoa. Nimekua nalo hilo kichwani. Sasa mfagiaji ni mama, na mtoto ni wangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Muuguzi msimamizi wa wodi naye hambezi binti. Anasema kifua kikuu na surua si vya kuchezea, na mtoto wa umri huo hana nguvu ya kupambana navyo. Anaongeza kwamba, kwa wanavyojua, tangu yeye apewe wodi hii hakuna mfanya usafi aliyepeleka ugonjwa nyumbani. Lakini "kwa tunavyojua", Mama Janga anaeleza, ndiyo maneno yaliyomkoroga kabisa binti yake alipoyasikia.

Kuna njia ya mkato, na Mama Janga ameikataa. Alishapewa nafasi ya kuhamia jengo la ofisi, akafute meza na kumwagilia maua. Angepoteza posho ya mazingira hatarishi, ambayo ni kama robo ya mshahara wake, na ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Hiyo ndiyo sababu anayoitaja kwanza. Ya pili inachukua muda kutoka.

"Nikiondoka humu nitakuwa nimekubali," anasema. "Nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni uchafu. Mjukuu wangu atanijua kama bibi aliyeoshwa akatakata. Sitaki. Na mtoto namtaka. Roho inaniuma, nisikufiche."

Anainuka, anasuuza kikombe chake, anakipangusa na kukirudisha rafuni.

Aliyeleta shauri jipya ni mwenzake wa zamu, mwanamume mwembamba anayeitwa Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Kazi ya Kipaza haimo katika kitabu chochote kilichowahi kusomwa katika chumba kile. Wodi ina chumba cha ndani, wanakolazwa watu ambao bado haijajulikana wanaumwa nini. Anayetoka kusafisha huko havui mavazi ya kinga peke yake. Mwenzake husimama nyuma ya mstari wa manjano na kumtajia hatua moja baada ya nyingine, naye havui kitu mpaka kitajwe.

"Hata kama umevua mara elfu, wewe hujui," anasema Kipaza. "Mimi ndiye najua. Ukichoka unajisahau, unajikuna. Sasa huyo wa kitabuni kila siku yuko peke yake. Nani kamruhusu kuvua peke yake? Hapo ndipo mimi hasira zinanipanda."

Kipaza ndiye aliyempigia simu binti wa mwenzake, bila kutumwa na mtu. Alimwambia kwa kifupi: njoo uone kwa macho yako, ukitoka hapo ukasema hapana, ni hapana. Sehemu ya kuvulia ina kioo kikubwa kinachotazama uwanja wa nyuma, penye nyasi na hewa ya wazi. Muuguzi msimamizi akaridhia. Binti akasema atakuja, peke yake, mtoto atabaki na baba yake.

Siku yenyewe Mama Janga anaingia chumba cha ndani asubuhi, roho juu. Anapiga deki kutoka dirishani kuja mlangoni, anafuta vitasa, anafunga mifuko ya taka. Anapotoka na kusimama kwenye beseni la klorini, Kipaza yuko tayari nyuma ya mstari wake.

"Buti, mguu wa kulia."

Anachovya mguu wa kulia.

"Mguu wa kushoto. Osha mikono. Aproni, ifungue kwa nyuma."

Aproni inaingia kwenye ndoo. Ndipo anapoinua macho kutazama kioo. Binti yake amesimama kwenye nyasi, amejitenga hatua kadhaa, na mgongoni ana mbeleko. Baba mtoto, ambaye ni fundi umeme, aliitwa kazini ghafla asubuhi ile. Pembeni mwa kiuno cha binti mguu mdogo umechomoza nje ya kitambaa, unapiga teke hewani.

Mama Janga analia. Machozi yanajaa ndani ya miwani ya kinga, na mkono wake wa kulia, ungali ndani ya glovu, unapanda wenyewe kuelekea jichoni.

"MKONO!"

Sauti ya Kipaza inafika mpaka uwanjani. Binti anarudi nyuma hatua moja. Mkono umesimama hewani, upana wa kiganja kutoka usoni.

"Usijifute," anasema Kipaza, sasa kwa upole. "Yaache yatiririke, mama. Hayaui. Shusha mkono. Taratibu. Osha tena."

Anashusha. Anaosha tena, kidole kwa kidole, huku machozi yakimteremka chini ya barakoa bila kufutwa. Wanaanza upya tangu kwenye buti. Glovu za juu, vazi, miwani, barakoa, glovu za ndani; kila kimoja kinasubiri kutajwa, na kila baada ya kimoja mikono inaoshwa. Jambo zima linachukua muda mrefu. Nje ya kioo binti hajaondoka, ila ameigeuza mbeleko, mtoto sasa yuko mbele na amekumbatiwa kwa mikono yote miwili.

Mama Janga anapotoka bafuni na nguo zake za nyumbani, nywele zinachuruzika maji, anamkuta binti kwenye benchi la uwanjani. Hasogei karibu. Anasimama kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

"Huyo kaka hupiga kelele hivyo kila siku?" anauliza binti.

"Kila siku. Mpaka nyumbani nikivua viatu namsikia."

"Ulikaribia kujishika, mama."

"Nilikaribia, mwanangu. Siwezi kukudanganya, umeona mwenyewe."

Mlangoni Kipaza amejifanya anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Kila nikikupigia simu usiku," anasema binti, "unaniambia kazini salama, hakuna neno. Hakuna neno! Mimi niliona unanificha kitu."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimevua aproni?"

"Ndiyo. Hayo hayo ndiyo nilitaka. Mbona ya kitabuni uliniambia yote?"

Mama Janga anazikamua nywele zake, maji yanadondoka kwenye nyasi.

"Umeoga?" anauliza binti.

"Mara mbili."

"Kucha?"

Anainyoosha mikono mbele, kama mwanafunzi mstarini. Binti anaikagua, anaigeuza viganja, anaigeuza tena. Kisha anaifungua mbeleko, na bila kusema lolote anamweka mtoto mikononi mwa mama yake.

Mtoto anautazama uso ule mgeni. Anautazama vizuri, macho makavu, mdomo ukianza kupinda. Halafu analipuka kwa kilio kikubwa kiasi kwamba mlinzi anatoka mbio langoni kuja kuuliza nani kaumia.

"Nipe, mama, nipe nimbembeleze," anasema binti, mikono mbele.

Mama Janga anageuza bega, anamziba mtoto asichukuliwe. Anamweka kifua kwa kifua, anatega sikio. Mtoto anavuta pumzi ndefu na kupiga yowe jingine.

"Mwache alie. Hanijui, atakosaje kulia?" anasema, na sasa yeye mwenyewe anacheka na kulia kwa pamoja. "Jumapili nakuja kwenu, alie tena. Na Jumapili ile nyingine. Miaka kumi na minne nasikiliza vifua vya watu humu ndani, mwanangu. Hebu sikiliza hiki. Hiki ni kizima!"