Taa Zikizimika Juu ya Maji

Juzi umeme ulikatika kwetu toka asubuhi, nikaenda mjini kuchajisha simu, nikaketi kwenye benchi la kinyozi pamoja na mjukuu wangu. Ndani kulikuwa na vijana wameinamia simu moja, wanabishana karibu kushikana mashati. Nikadhani mpira. Kumbe gemu. Humo ndani, nilivyowaelewa, kuna mfalme kipofu katabiri jambo, na huyu anasema maana yake hivi, yule anamwambia wewe huna akili, maana yake vile. Mjukuu akasema, bibi, hawa wana nadharia zao hawamalizi leo, twende tukae kivulini. Nikamwambia nyamaza nisikilize.

Cheka tu, ndugu yangu. Mimi shule niliishia darasa la nne, na simu naijua ya kupigia na kupokelea. Lakini kubishana juu ya utabiri wa gemu nilianza kabla wale vijana hawajazaliwa. Na gemu lenyewe mpaka leo sijaliona kwa macho.

Ilikuwa Kibirizi, ufukweni pale Kigoma, miaka ya wakimbizi. Ukimwambia mtu wa Kigoma miaka ya wakimbizi atakuuliza wakimbizi wepi, maana kila umri hapa una wa kwake. Mama yangu alikuwa na wa kwake, Warundi waliokuja yeye akiwa msichana. Mimi wangu ni wale Wakongo waliovuka ziwa vita ilipoingia Uvira. Maboti yalikuwa yakitia nanga na watu wamejaa mpaka maji yanakaribia kuingia, na mwingine kashuka na cherehani kichwani, mwingine na kuku, mwingine mikono mitupu, anakuuliza kama hapa ndiyo Tanzania.

Mama alikuwa anaanika dagaa. Jioni maboti yanatoka na karabai zao, ukisimama mlimani unaona ziwa limewaka kama kuna mji mwingine kule majini. Asubuhi yanarudi, kina mama wanagombania ndoo, wanakuja kutandaza mchangani. Kuanzia hapo kazi ni ya watoto. Unalinda. Unalinda kunguru, unalinda kuku, unalinda mbuzi wa jirani ambaye hali dagaa ila anapenda kulala juu yao. Unalinda na wingu pia, maana likitokea upande wa Kongo hujakusanya, jioni unakula matusi badala ya ugali. Harufu ile wageni hushika pua. Mimi nikiisikia popote, hata kwenye gunia sokoni, njaa inanishika hapohapo, naona ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese unang'aa.

Haya, nisiende mbali. Siku moja mama alirudi kutoka mwaloni, pale maboti yanapotia nanga, na mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, nyuma yao mvulana wa rika langu, amevaa koti la mtu mzima linaloburuza. Mama akasema watakaa jiko la nje mpaka lori la kambi ya wakimbizi lije. Yule mwanamke alikuwa shangazi yake huyo mvulana. Jina la mvulana aliulizwa hakujibu, basi sisi tukamwita Mgeni, na hata alipoanza kuongea jina likawa limeshaganda.

Alikuwa haongei, anakaa tu mchangani na sisi. Boti likitokea anakimbia mpaka majini, anatazama kila anayeshuka, anarudi, anakaa. Shangazi yake alimweleza mama kwamba kule Uvira, kaka yake mkubwa alimnyanyua akamtupia ndani ya boti lililojaa, akamwambia, nenda na shangazi, ningoje ng'ambo, nakuja na boti lingine. Wazazi walikuwa wameshafariki kabla ya hapo. Alikuwa na huyo kaka tu.

Kilichomfungua mdomo ni mawe. Nilikuwa napanga kokoto kutenganisha dagaa wetu na wa jirani, nikaacha nafasi ya kupita. Akatazama, akasema, "Hiyo inafanana na geti." Nikamuuliza geti la wapi. Ndiyo akaanza, na alipoanza, wee, hakunyamaza mpaka jua likazama.

Kwao walikuwa na gemu la kuchomeka kwenye televisheni. Ndani yake kuna msafiri mwenye upanga na blanketi jekundu, anapita nchi baada ya nchi kumtafuta mtoto wa mfalme aliyepotea. Kuna majitu ya mawe, kuna msitu unaohama, na juu ya mnara anakaa bibi mmoja hana macho, ndiye anayetoa maneno. Maandishi yalikuwa ya kigeni, kaka ndiye aliyekuwa akimsomea. Na maneno ya yule bibi Mgeni aliyasema kama mtu anayesema sala:

Taa zikizimika juu ya maji,
mlinzi ataliacha geti,
na aliyepotea ataitwa jina lake mbele za watu.

Maana yake? Hakujua. Walikuwa wamefika kwenye geti, mlinzi amesimama pale na mkuki, hapigiki wala haongei. Siku waliyofika ndiyo siku umeme ulikatika, na kesho yake risasi zikaanza kusikika mlimani. Gemu likabaki hivyo.

Basi tukawa tunacheza lile gemu mchangani. Mnara ni kopo la maziwa, majitu ni magamba ya konokono, msafiri ni kichwa cha samaki mgebuka. Halafu tunabishana. Mtoto wa katekista, ambaye alikuwa akijua Ufunuo kuliko baba yake, alisema taa ni makanisa, mlinzi ni malaika, na kuitwa jina ni siku ya mwisho, kwa hiyo wote tutubu, hasa mimi. Binti wa fundi boti, mtoto mwenye ulimi unaochonga kama tezo la baba yake, akamwambia, "Wewe hata mchuzi ukizidi chumvi unasema Ufunuo." Tukabishana kunguru wakala. Tukachapwa. Kesho yake tukaendelea.

Mgeni alikuwa akisikiliza kila nadharia kama hakimu, halafu anasema, "Hapana. Yaya alisema taa ni roho." Yaya kwao ni kaka. Kaka yake alikuwa na nadharia kwamba kila taa ni roho ya mtu, ikizimika huyo kafa. Siku moja tulibaki wawili, akaniambia kitu ambacho wale wengine hakuwaambia. Usiku waliovuka, nahodha aliamuru taa zote zizimwe wasionekane. Akageuka nyuma, na kule ufukweni nako taa zikazimika. Akaniuliza, "Sasa kama taa ni roho?" Nilimpa kipande cha muhogo.

Lori la kambini lilikuwa limeshakuja na kuondoka bila wao. Shangazi aliogopa kumlazimisha Mgeni, maana akiguswa tu alishika nguzo za kufungia maboti akapiga kelele mpaka wachukuzi wakaja kuuliza nani anachinjwa. Lakini yule mtoto mchanga alianza kuhara, akawa mwepesi mkononi. Kambini kulikuwa na daktari, na mgao wa unga na mafuta. Mama akamwambia shangazi, mdogo wangu, lori lijalo panda, na huyu kama hataki muache kwangu. Shangazi akalia. Akasema nimewaacha wengi nyuma, sitaacha na huyu.

Ikafika mbalamwezi. Wewe uliyekulia mbali na ziwa huenda hujui: mwezi ukiwa mpevu maboti ya dagaa hayatoki, maana dagaa wanafuata karabai, na mwezi ukiwaka karabai ni bure. Mwalo unapoa. Wavuvi wanashona nyavu, wananyoa ndevu, wanagombana na wake zao. Sisi watoto tulikuwa hatuna cha kulinda ila tulikaa palepale kwa mazoea, tunabishana kuhusu taa. Mama alikuwa anachambua maharage karibu yetu. Alivumilia, alivumilia, mwisho akauliza hizo taa zinazowatoa povu ni taa gani. Tukamsomea ule utabiri.

"Sasa mnabishana nini hapo?" akasema, na mikono yake haikusimama. "Taa zikizimika juu ya maji ni mbalamwezi. Watu wako majumbani wanakula na watoto wao. Nani amekufa?"

Akaendelea na maharage yake. Mama hakuwa mtu wa mafumbo, alikuwa amejibu alichoulizwa. Lakini nilimwona Mgeni. Alilitazama ziwa lile jeupe lisilo na taa hata moja, akalitazama kama amelikuta limehamishwa.

Binti wa fundi boti ndiye aliyeokota pale mama alipoachia. Akasema kama ni mbalamwezi, basi mlinzi anaacha geti kwa sababu hakuna cha kulinda, kama sisi. Akafikiri kidogo. Halafu akasema la kwake, ambalo mpaka leo naona lingewanyamazisha wale vijana wa kinyozi. Alisema mlinzi ndiye mtoto wa mfalme. Ndiye aliyepotea. Amesimama getini siku nyingi mpaka amesahau kwamba na yeye anatafutwa.

"Miye sikupotea," Mgeni akasema. Hakuna aliyekuwa amemtaja. "Miye niko nangoja."

"Na kaka yako akikutafuta atajua uko na kunguru wa Kibirizi?" yule binti akamuuliza. Akamkumbusha kwamba kambini wanasoma majina ya waliopotezana, kila mtu alikuwa akilisikia jambo hilo dukani kwenye redio. "Unaitwa kule, wewe umejificha huku na koti."

Nikaruka mimi. Nikasema hapana, geti lisilo na mlinzi linaingiwa na wezi, mlinzi haondoki, utabiri una maana nyingine. Niliulizwa ipi, nikarudia yaleyale. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Nikuambie ukweli, sikuwa natetea utabiri. Nilikuwa nataka abaki. Nilikuwa nampenda, basi, kwa namna watoto wanavyopenda, unampa mtu kipande kikubwa cha muhogo halafu unamtukana.

Lori lilikuja kesho yake. Mgeni alikunja lile koti kwapani, akanifuata nilipokuwa natwanga kisamvu. Akaniambia, "Wewe utalinda?" Nikasema nitalinda. Akanieleza kwamba nisimuulize mtu jina, maana kwao watu wanaficha majina siku hizi. Nimwambie tu, taa zikizimika. Kama ni Yaya, atajibu. Kisha nimwambie kambini. Akapanda, lori likashika njia ya Kidahwe, na vumbi likakaa hewani muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, au ni mimi sikutaka kuondoka.

Nikawa mlinzi. Kila boti la ng'ambo likitia nanga nilikuwa pale, na kila kijana aliyeshuka nilimwambia taa zikizimika. Wakanijibu kila aina. Wengi walinipita. Mmoja alisema zikizimika tunalala. Mwingine akaniuliza kama nauza mafuta ya taa. Wachukuzi wakaanza kunizomea, wananiita mke wa TANESCO. Mama alinivuta sikio mara kadhaa kwa dagaa walioliwa, halafu akaacha, akawa anageuza dagaa mwenyewe nikikimbilia majini.

Mvua zikapita, kiangazi kikaingia. Siku hiyo boti lilitoka Baraka, kule Kongo, na magunia ya mchele, na nyuma akashuka kijana mwembamba, mguu mmoja anaukanyagia ncha. Nilikuwa nimechoka, nilisema kwa mazoea tu. Taa zikizimika. Akapita. Akasimama. Hakugeuka mara moja.

"Mlinzi ataliacha geti," akasema. Halafu akakaa chini, mchanga wenyewe umelowa, akashika kifundo cha mguu wangu kama anayeogopa nitaondoka. "Mdogo wangu iko wapi?"

Tulimlisha. Alikula dagaa na mawese, analia anakula, mama anamwongezea. Aliposhiba nilimuuliza nililokuwa nimelitunza miezi yote: mwisho wake ni nini, mlinzi anatoka? Akanitazama, akaanza kucheka taratibu. Akasema yale maandishi yalikuwa ya Kijapani, kama nyayo za kuku. Nani Uvira angeyasoma? Mdogo wake alikuwa akilia bila hadithi, basi yeye akawa anatazama picha anatunga. Bibi wa mnara alikuwa yeye mwenyewe. Hata hizo taa, aliona tu vitu vyekundu juu ya maji.

Nilikasirika, usidhani nilicheka. Nilikasirika mpaka alipopanda lori.

Kukutana kwao sikukuona. Shangazi ndiye aliyekuja kunisimulia, siku alipokuja kubadilisha unga wa njano wa mgao na dagaa, mtoto mgongoni mnene kama kibuyu. Alisema Mgeni alikuwa anarudi na kuni. Alipomwona kaka yake hakupiga kelele, hakukimbia. Alitua kuni vizuri, akapangusa mikono, akauliza, "Yaya, gemu ulizima vizuri? Tusije tukaanza upya."

Sikumwona tena. Wengine walirudi Kongo, wengine walipelekwa nchi za baridi, na pale kambini siku hizi wanasema watu wanalima mahindi. Mama amelala Kibirizi. Binti wa fundi boti aliolewa Ilagala, ana maduka, hajapoteza ulimi. Dagaa sasa wanaanikwa juu ya vichanja, wanakauka safi bila mchanga, na mtoto hana haja ya kukaa chini siku nzima na mawe mkononi.

Lakini ukiniuliza mimi nilipoteza nini, si hayo. Baada ya kaka yake Mgeni kupita, kesho yake boti lilipiga honi, nikasimama, nikakimbia hatua chache, nikakumbuka kwamba aliyengojwa ameshafika. Nikarudi nikakaa. Watu wakashuka, wanene, wembamba, na mizigo yao, na hakuna hata mmoja niliyekuwa na neno la kumwambia.