Marahaba Iliyochelewa

Asubuhi za Bukoba zilinukia mvua ya ziwani na kahawa iliyoanikwa, lakini ukumbi wa nyuma wa duka la Bibi Kanta ulinukia udi, na mpaka leo nikipata harufu ya udi magoti yananiuma. Nilikuwa nimeletwa mjini kutoka kijijini Kishanda kwa sababu ya pumu. Shangazi, aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa Kashai, alitakiwa kunipeleka hospitali likizo nzima, kisha anirudishe nyumbani kwa ajili ya komunyo yangu ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia chumbani kwa mama, na mimi sikuwaza kitu kingine duniani. Shangazi aliuza maziwa kwa wenye maduka. Bibi Kanta, mjane wa Kihindi aliyebaki peke yake ndugu zake walipohama, alikaa karibu, kwa hiyo maziwa yake nilitumwa kuyapeleka mimi.

Siku ya kwanza nilimkuta ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja, mgongo umenyooka, macho ameyafumba. Kwetu mtoto wa kike humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Niliweka chupa chini, nikapiga magoti kwenye saruji, nikasema, "Shikamoo, Bibi." Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Hakufumbua hata jicho moja. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, ikapotelea huko ndani nikadhani hairudi tena, kisha ikatoka polepole kwa mvumo kama wa nyuki mzingani. Kijijini tulikuwa na mama mmoja, embandwa, aliyepandwa na mizimu ya ukoo wake, na sisi watoto tulizunguka mbali tusipite kwake, kwa sababu tuliambiwa mizimu ikimjia hukaa hivyo hivyo, macho kayafumba, anavuma. Katekista alikuwa ameshatuonya kwamba aliyekaa penye mambo hayo asithubutu kuikaribia komunyo. Wenzangu wakaongeza chumvi yao, kwamba hostia ingegeuka damu mdomoni mwake mbele ya watu wote.

Kukimbia nilitaka, lakini kuinuka bila kuitikiwa sikuweza. Mwili wenyewe ulikataa, ndivyo tulivyolelewa. Nikabaki pale chini huku hofu ikinipanda, na kifua kikaanza kubana. Mwenye pumu anaijua ile filimbi ya kwanza. Nilitaka kulia, nikakosa pumzi ya kulilia. Kitu pekee kilichosikika ukumbini kilikuwa pumzi ya yule bibi, ikienda na kurudi bila haraka yoyote, na kifua changu, bila kuniomba ruhusa, kikaanza kuifuata. Yake ikitoka, na yangu inatoka. Filimbi ikapungua, ikakoma. Badala ya kufurahi nilitetemeka, kwa sababu sikujua ni nani aliyenishika kifua.

Alipofumbua macho alishtuka. "Dikri!" Aliniita hivyo, yaani binti kwa lugha yao. "Muda wote huu uko chini? Nilisikia mtu, nikadhani na wewe unasali."

"Nilikuwa nakuamkia, Bibi."

"Marahaba, marahaba!" Akainama, akanisugua magoti kwa viganja vyake. "Hii ndiyo sala yangu mimi. Nakaa, nanyamaza, nasikiliza pumzi. Na kifua chako nimekisikia kinavyolia. Kesho njoo tukae wote."

Sikumwambia shangazi. Kila asubuhi nilikwenda na rozari mfukoni, nimeikamata mpaka shanga zinaacha alama kiganjani, na kila asubuhi nilikaa mkekani pembeni ya yule bibi. Kifua kikawa chepesi. Hospitali walisifu dawa, shangazi alimshukuru Mungu, na mimi nikazidi kuogopa, maana nilijua kuna na kingine kilichoniponya. Bibi Kanta alinipenda, nami nilimpenda, na niliamini kabisa kwamba alikuwa ananipeleka motoni.

Siku ya komunyo kanisa la Kishanda lilijaa mpaka nje. Mama alikuwa benchi la mbele na kitenge kipya. Padri aliponiwekea hostia ulimini, kifua kilifunga papo hapo. Nikajua ndiyo adhabu yenyewe. Ningekohoa, ingeanguka sakafuni, na kanisa zima lingejua asubuhi zile nilikuwa nakaa wapi. Ama nikabwe pale mbele ya altare, ama nivute pumzi ya Bibi Kanta huku nina Yesu mdomoni. Nilifumba macho, nikavuta. Ikaenda, ikarudi. Nikasubiri ladha ya damu. Hostia ikalainika, ikashuka. Niliporudi mahali pangu mama alinivuta kwake, machozi yanamtoka. "Mawe, mwanangu!" alimaka kwa Kihaya. "Umesali mpaka nimeogopa."

Siku hizi Kashai vijana wanafanya yoga kwa kufuata video za simu, na wanawake wenzangu wanashauriana kuhusu pumzi na presha wakiwa foleni zahanati. Padri wetu mwenyewe, kwenye mafungo, anatuambia tukae kimya tusikilize pumzi. Hakuna anayeogopa. Duka la Bibi Kanta sasa linauza kava za simu, na yeye alishaondoka kuwafuata ndugu zake kabla sijapata akili ya kumwambia asante. Mimi hukaa mkekani kila alfajiri, rozari mkononi, na bado kabla ya kufumba macho nafanya ishara ya msalaba haraka haraka, kwa sababu yule mtoto hajatoka ndani yangu na sidhani atatoka.

Ila kuna kitu kimoja sikifuati. Binti yangu mdogo akiamka huja mlangoni akiwa na usingizi machoni, anapiga magoti. "Shikamoo, mama." Wanaojua yoga huniambia pumzi haikatwi katikati. Mimi naikata. Nafumbua macho, namwitikia marahaba, na namtazama mpaka ainuke.