Oili Chafu kwa Dimbwi la Mwisho

Mwisho wa kiangazi kijito chetu cha Kisarawe kilibaki dimbwi moja. Homa ilikuwa imeingia kila nyumba. Binti yangu Zuhura alikuwa akitetemeka siku ya nne. Mkutano wa kijiji ukaamua dimbwi limwagiwe oili chafu, viluwiluwi vya mbu vife. Mimi mwalimu nilikuwa wa kwanza kuinua mkono, nikatumwa Dar es Salaam kuileta kabla ya kazi ya pamoja ya Jumamosi.

Alhamisi adhuhuri nilikatiza Kariakoo na debe tupu hadi Mchikichini, kwa shemeji yangu Athumani, fundi malori.

"Wenzako wanahangaikia sukari na sabuni, wewe umefuata uchafu!"

"Jaza tu, shemeji. Mtoto anaumwa."

Alijaza. "Ila njoo uone kwanza. Sisi tulimwaga mwezi uliopita."

Nyuma ya gereji kijito kilikuwa kimekauka, yamebaki madimbwi mawili. Lile lililomwagiwa, mvua moja ilikuwa imeshalisafisha. Nilichota kikombe: viluwiluwi vya mbu vitupu, vinachezacheza. Nikachota la juu, ambalo halikuguswa: konokono, kunguni wa maji, watoto wa kereng'ende, na kiluwiluwi kimoja tu.

Kijito kikikauka, konokono wengine hujifungia matopeni wakisubiri mvua. Watoto wa kereng'ende, walao viluwiluwi, hujibana katika maji yaliyobaki. Ukiwaua, mbu hurudi baada ya siku chache; wao huchukua miezi kukua.

"Baki na oili yako, shemeji," nilisema. Mkewe akanipa vidonge vya Zuhura.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu wamesimama dimbwini na majembe.

"Oili, Mwalimu?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikuleta, Ndugu Mwenyekiti."

"Watoto wanaungua, wewe umekwenda kutembea mjini!" mama mmoja alifoka.

Nilichota maji ya dimbwi kwa chupa, yakiwa na mtoto wa kereng'ende, nikatia viluwiluwi kutoka shimo la kufyatulia matofali ya shule. Yule mtoto wa kereng'ende alitulia, kisha akanyakua kimoja. Akanyakua cha pili. Yule mama akaisogeza chupa machoni.

"Hivi umevitoa wapi?"

Nikaonyesha mashimo ya matofali tuliyochimba na kuyajaza maji wenyewe. Mwenyekiti akatangulia na jembe lake.

Tuliyafukia hadi alasiri. Jioni Zuhura aliomba uji. Mkono wangu ulikuwa na malengelenge. Ndio uleule nilioinua mkutanoni kabla ya kuchota hata kikombe kimoja na kukiangalia.