Kamba Niliyoizungusha Mkononi

Siku yangu ya kwanza kazini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru hadi kwenye uzio, nikawasikia farasi kabla sijamwona hata mmoja. Walikuwa wanatafuna taratibu ndani ya ule weupe. Mimi mtu wa Mkuyuni, mnyama niliyezoea kumshika ni mbuzi wa kupeleka gulioni. Nilisimama pale nikasahau hata kuogopa.

Yale yalikuwa mabanda ya kulelea farasi wa watu. Mwenye farasi anakaa zake Kilakala, anakuja Jumamosi kupanda. Sisi masaisi, yaani watunza farasi, ndio tunaolisha, kupiga brashi na kuchokoa kwato. Meneja, mama mmoja mkavu asiyerudia maneno, alinikabidhi kamba ya kuongozea. Nikaizungusha mkononi mara mbili, kama tunavyofanya sote milimani ili mbuzi asichoropoke. Akaifungua mwenyewe.

“Mbuzi utamvuta wewe,” aliniambia. “Huyu atakuvuta yeye. Ikunje, uishike katikati. Akitaka kwenda, mwache aende.”

Basi nikajifunza. Farasi haoni kilicho nyuma yake, kwa hiyo ukimjia huko unaongea naye kwanza, na ukimzunguka unapita ukimgusa au unapita mbali kabisa. Miaka ikaenda, nikawa saisi mkuu, na wallahi nilikuwa mkali. Aliyeshika simu huku anaongoza farasi nilimtimua uwanjani. Nilijiona nimefika.

Zawadi alikuwa farasi jike wa kijivu, mali ya mhadhiri tuliyemwita Dokta. Nilimpenda, sifichi. Asubuhi alikuwa ananipumulia shingoni, nami nasimama tu, macho nusu yamefumba, mto ukivuma huko juu, na kazi zote zinanisubiri. Kuzoeana kule ndiko kulikoniponza.

Siku moja nilikuwa nampeleka malishoni, simu ikaita. Alikuwa mke wangu, wala hakuna jambo, anauliza kama mchele umebaki. Nikazungusha kamba mkono wa kushoto ili wa kulia upokee. Bodaboda ikapita barabarani imebeba mabati, yanagongana. Zawadi akaruka, akakimbia nami. Naikumbuka kama ndoto: nyasi zinapita usoni bila sauti, na mimi nashangaa umande ulivyo baridi. Aliposimama, vidole vyangu viwili vilikuwa vimekatika.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Dokta ofisini kwa Meneja, analia. Farasi kamjeruhi saisi mkuu, mtu asiyekosea. Walikuwa wamekubaliana hafai tena kukaa na watu. Daktari wa mifugo angekuja Alhamisi na sindano ya kumlaza moja kwa moja. Hakuna aliyeniuliza kamba niliishikaje. Kila mtu alinipa pole, na mimi, Mungu anisamehe, nilizipokea siku mbili nzima. Jumatano nikagonga mlango wa ofisi.

“Niliizungusha mkononi,” nilisema. “Na simu sikioni. Zawadi hana kosa.”

Meneja aliitazama bendeji yangu. “Angekuwa mwenzako, ungemfanyaje?”

“Ningemfukuza.”

Hakunifukuza. Alinivua ukuu tu, nikarudi kuzoa samadi chini ya watu niliowafundisha mwenyewe. Walinicheka kidogo, na ilikuwa haki yao. Alhamisi daktari hakuitwa.

Nimestaafu sasa, niko zangu Mwembesongo. Vijana wanaoanza kazi hii huja kuniuliza farasi gani ni wa hatari. Nawajibu ni yule mliyemzoea, na naona hawaniamini, wanadhani mzee anazeeka vibaya.

Siku ya kuaga nilikwenda kumwona Zawadi. Tangu ajali ile hakunisogelea tena. Nikinyoosha mkono anarudi nyuma mpaka ukutani. Siku ile pia alirudi. Jamani, iliniuma kuliko vidole. Nikakaa kizingitini, mikono mapajani, nikimsikiliza anavyotafuna kule pembeni, mzima, hataki hata kunitazama, mpaka jua likaingia bandani.